Kijitabu cha ratiba: karatasi inayobaki baada ya gwiji wa michezo kuenziwa

Hafla ya kumuenzi mwanamichezo ikishamalizika, viti hukunjwa, vipaza sauti hufungwa, na karatasi zilizogawiwa mlangoni hubaki chini. Nyingine zimetumika kama kipepeo wakati wa jua, nyingine kama tandiko la kukalia. Ndizo hizo ambazo watu wachache huziokota, wakazinyoosha na kuzihifadhi kwa miaka.

Kijitabu cha ratiba kinaweza kuwa ukurasa mmoja uliokunjwa mara mbili, au kurasa kadhaa zilizobanwa kwa pini. Ndani yake huwamo picha ya anayeenziwa, wasifu wake, mpangilio wa watoa hotuba, na majina ya timu zitakazocheza mechi ya heshima. Hutolewa mchezaji anapostaafu, anaporudi na medali, au anapozikwa. Huko Ulaya na Marekani vijitabu hivyo vina soko lake na minada yake. Kwa mkazi wa Nyarusange, mkoani Gitega, ambaye huteremka mjini kutazama michezo katika uwanja wa Ingoma, sababu ya kukitunza ni nyingine kabisa: kumbukumbu za michezo nchini Burundi ni chache.

Uchache huo una historia. Mwaka 1992 klabu ya Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, ikashindwa na Africa Sports ya Abidjan. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, nchi iliingia vitani. Anayekimbia na watoto mgongoni habebi karatasi za mpira.

Hata hivyo, kuwa na kijitabu hakutoshi, kwani kijitabu hakishuhudii chochote. Kilichapishwa kabla ya hafla. Kinaeleza yaliyotarajiwa, si yaliyotokea. Mfano ulio wazi ni wa jirani zetu. Pambano la Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa lilipangwa kufanyika Septemba 25, 1974, na mabango yakachapishwa kwa tarehe hiyo. Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, na pambano likasogezwa hadi Oktoba 30. Mtu anayelitazama bango hilo leo bila kuijua habari hiyo atakuwa na karatasi halali yenye tarehe ya siku ambayo hapakuwa na pambano lolote.

Vivyo hivyo kwa bingwa wetu. Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Vugizo mkoani Makamba, alishinda dhahabu ya mita 5,000 mjini Atlanta Agosti 3, 1996, kwa dakika 13 na sekunde 7.96, katika Olimpiki ya kwanza kabisa kwa Burundi. Mbio alizosifika nazo zaidi zilikuwa za mita 1,500, lakini aliiacha nafasi yake huko ili mwenzake Dieudonné Kwizera apate kushiriki, maana kwa miaka mingi Kwizera alikuwa amezuiwa na jambo moja tu: nchi yake haikuwa na kamati ya Olimpiki. Katika orodha ya wakimbiaji wa mita 1,500 jina la Kwizera limo. Kwa nini limo, orodha haisemi. Pengine hilo ndilo jambo zuri kuliko yote yaliyotokea katika msafara ule, na halimo katika ukurasa.

Kwa hiyo mkusanyaji mwenye busara huandika. Si juu ya kijitabu chenyewe. Huchukua kipande cha karatasi nyeupe na kalamu ya risasi, akaandika jioni ile ile: nani hakufika, nani alizungumza badala yake, mechi iliahirishwa kwa mvua au la, mabao yalikuwa mangapi. Kipande hicho hukaa pamoja na kijitabu. Baada ya miaka 20, ndicho kitakachoulizwa kwanza.

Vijitabu vya mazishi vinahitaji adabu zaidi. Aprili 25, 2019, mwezi mmoja tu baada ya Intamba mu Rugamba kufuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Mataifa ya Afrika, kiungo Papy Faty alianguka uwanjani nchini Eswatini akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 28. Katika msiba wa namna hiyo karatasi ni ya wafiwa kwanza. Anayeitaka asubiri, na asiiombe siku ya maziko. Ali alipofariki mwaka 2016, swala ya jeneza ilisaliwa Louisville Juni 9, na hafla kubwa ya kumkumbuka ikafanyika kesho yake. Tiketi za kuingia zilitolewa bure, na bado walijitokeza watu waliojaribu kuziuza. Anayeonyeshwa leo karatasi ya mazishi yale aulize kwanza ni ya siku ipi.

Kuhusu nakala bandia, jicho husaidia kuliko maneno ya muuzaji. Pini ya miaka 30 huwa imeshika kutu na kuacha alama kwenye mkunjo. Nakala ya fotokopi mara nyingi huwa na picha zilizofifia na kivuli ukingoni.

Utunzaji hauhitaji fedha nyingi. Adui mkubwa katika milima ya Gitega ni unyevu wa masika, na mfuko wa nailoni, ambao wengi huuona kuwa kinga, huufungia unyevu huo ndani. Bahasha ya karatasi ni bora, iwekwe kwenye sanduku la bati lililoinuliwa juu ya sakafu, mbali na ukuta na mchwa. Pini zenye kutu ziondolewe polepole, na uzi wa pamba uwekwe mahali pake. Utepe wa gundi usitumike kuunganisha palipochanika, kwa sababu baada ya muda hugeuka rangi na kuila karatasi. Simu nayo ipige picha ya kila ukurasa, pamoja na kile kipande cha kalamu ya risasi, na picha hizo zipelekwe kwa mtu mwingine anayeishi nyumba nyingine.