Umri wa Soketi katika Uundaji wa Kompyuta ya Mezani

Anayejiundia kompyuta ya mezani kwa kawaida huchagua prosesa kwanza, kisha hutafuta bodi kuu inayoikubali. Utaratibu huo una mantiki, kwani viwili hivyo hufungamanishwa na soketi, ilhali kasha na kisambaza umeme, tangu kiwango cha ATX kilipotolewa mwaka 1995, huweza kutumika tena katika kompyuta nyingine. Linalosahaulika aghalabu ni umri wa soketi yenyewe. Soketi ya AM4 ya AMD, iliyoanza mwaka 2016, ilikuwa bado ikipokea prosesa mpya mwaka 2022, na bodi nyingi za awali ziliweza kuzitumia baada ya programu yake ya kuwashia kusasishwa. Kwa upande wa Intel hali ilikuwa tofauti: prosesa za kizazi cha nane zilizotoka mwaka 2017 zilitumia LGA 1151, soketi ileile kwa jina na kwa idadi ya pini, lakini hazikufanya kazi katika bodi zilizotangulia. Aliyelinganisha jina tu, kosa ambalo ni rahisi kulifanya, alilazimika kununua bodi nyingine. Ndiyo maana waundaji wazoefu huisoma orodha ya prosesa inayotolewa na mtengenezaji wa bodi kabla ya kulinganisha bei.