Mgonjwa Anapokuwa Mwalimu wa Wauguzi

Mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa kupima joto, mapigo ya moyo, pumzi na shinikizo la damu. Lakini lipo jambo lisilo na chombo cha kulipima: neno la mama aliyekaa na mtoto wake wodini usiku na mchana. Ili mwanafunzi ajifunze kulipokea neno hilo, vyuo kadhaa hutumia video ambamo mgonjwa au ndugu yake anasimulia mwenyewe yaliyompata.

Mfano mmoja

Video inayojulikana sana ni ya mama wa Marekani, Sorrel King. Mwaka 2001 binti yake Josie, mwenye umri wa miezi 18, aliungua kwa maji ya moto ya kuogea, akalazwa katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore. Alipata nafuu, ikatarajiwa arudi nyumbani baada ya siku chache. Kisha mama akaona mtoto analilia kila kinywaji, na akiogeshwa ananyonya kitambaa chenye maji kwa pupa. Akaambiwa asimpe kinywaji, na kwamba vipimo ni vizuri. Mtoto alifariki tarehe 22 Februari. Mwili ulikuwa umepungukiwa maji, tena alikuwa amepewa dawa kali ya maumivu isivyopasa. Hospitali ilikiri makosa. Mwaka 2002 mama huyo alisimulia habari hizo mbele ya wataalamu wa afya, na hotuba yake iliyorekodiwa ikasambazwa.

Inafundishaje?

Lengo si kuwaliza wanafunzi. Mwalimu huonyesha sehemu, husimamisha video, kisha huuliza: Mama aliona nini? Alimwambia nani? Wewe ungefanya nini saa ile? Kitabu hueleza kwamba kiu kali, macho yaliyodidimia, na ngozi inayorudi polepole ikifinywa ni dalili za upungufu wa maji. Mwanafunzi huikariri orodha hiyo kwa ajili ya mtihani. Akimsikia mama huyo, hutambua kwamba dalili yaweza kumfikia kwa kinywa cha mzazi kabla hajaiona mwenyewe.

Habari hiyo ilibadili na taratibu. Mwaka 2005 hospitali ya UPMC Shadyside, mjini Pittsburgh, iliwaruhusu wagonjwa na ndugu zao kupiga simu wenyewe kuita kikosi cha dharura.

Nanyi mfanye nini?

1. Semeni mabadiliko waziwazi: "Jana alicheza, leo haamki. Tangu asubuhi hajakojoa."

2. Mkikatazwa kumpa mtoto chakula au kinywaji, msimpe kwa siri. Ulizeni sababu, na atapataje maji.

3. Msiposikilizwa, mwoneni muuguzi mkuu wa wodi au daktari wa zamu. Kufanya hivyo si utovu wa adabu.

4. Mkiombwa kurekodiwa kwa ajili ya mafunzo, ulizeni video itaonyeshwa wapi na kwa nani. Mna haki ya kukataa, na matibabu yenu hayapaswi kupungua kwa sababu hiyo.

5. Msiwapige picha wagonjwa wengine kwa simu bila ruhusa yao.

Muuguzi ana vitanda vingi vya kuzungukia. Ninyi mnamjua mtoto wenu tangu kuzaliwa. Mkiona amebadilika, semeni mapema, na mseme tena.