Bunduki vichakani: Hatari ni usichokiona

UWINDAJI ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, lakini bunduki hazijatoka vichakani mwa Nakuru. Askari wa wanyamapori, polisi wa akiba na baadhi ya wenye mashamba walio na vibali bado hupenya nazo katika leleshwa, kichaka ambacho mtu aliye hatua chache mbele humpotea mwenzake.

Mei 10, 2006, katika shamba la Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita, Robert Njoya alipigwa risasi akafa. Yeye na wenzake walikuwa wamebeba mzoga wa swala. Tom Cholmondeley, wa ukoo wa Delamere, alieleza kuwa alifyatua akiwalenga mbwa wa kundi hilo. Mei 2009, Jaji Muga Apondi alimpata na hatia ya kuua bila kukusudia, akamfunga miezi minane. Mengi yalisemwa kuhusu ardhi na rangi, na yalistahili kusemwa. Lililozungumzwa kwa uchache ni risasi yenyewe.

Risasi ya bunduki kubwa yaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3. Majani hayaizuii, ila kijiti kidogo chaweza kuipotosha. Kwa hiyo anayelenga mbwa au nyati kichakani hana budi kujua kilicho nyuma yake na kando yake. Asipojua, asifyatue.

Hatari ya pili huja kabla ya kulenga. Wengi huning'iniza bunduki begani kwa mkanda kwa kuwa ni rahisi, lakini vichakani mkanda hunasa matawi, na mtutu hugeukia usikotarajiwa. Yafaa kuishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, mtutu ukielekea juu na kando, kidole kikiwa nje ya kifyatulio. Watu wakifuatana kwa mstari, mtutu wa aliye nyuma usimwelekee kamwe aliye mbele.

Kizuizi cha kufyatua nacho kisiaminiwe mno. Ni kipande cha chuma tu, na tawi laweza kukisukuma. Usalama hasa ni kutoweka risasi ndani ya mtutu mpaka mnyama aonekane waziwazi. Kwenye ua wa waya, bunduki hutolewa risasi kwanza, ikapitishwa chini na kulazwa mtutu ukiwaelekea mbali watu, ndipo mwenyewe aruke.

Ipo hali moja inayobadilisha hesabu hiyo, nayo ni kumfuata nyati aliyejeruhiwa. Nyati huyo hujificha karibu na njia aliyopita, na hakuna nafasi ya kukoki bunduki akitokeza. Hapo risasi huwa tayari ndani, kizuizi kikiwa kimefungwa, na watu huacha kufuatana, wakatembea sambamba huku kila mmoja akijua mwenzake yuko wapi. Mwenzake asipoonekana, husimama na kuita.