Chanjo ya Ruzizi: Mafunzo ya Mwaka 1958

Wazee waliokulia katika bonde la mto Ruzizi, ng'ambo hii na ile, walipata kushuhudia jambo ambalo ulimwengu wa utabibu hauna budi kulikumbuka. Tangu tarehe 24 Februari hadi tarehe 10 Aprili 1958, watu 215,504, wakubwa kwa wadogo, walinyweshwa chanjo ya ugonjwa wa kupooza, yaani polio. Hiyo ni wastani wa watu karibu 4,700 kila siku. Hakuna aliyechomwa sindano. Dawa ya maji ilitiwa kinywani, na shughuli ikaisha.

Chanjo hiyo, iliyoitwa CHAT, ilikuwa kazi ya Dakta Hilary Koprowski wa Marekani. Ilikuwa na virusi hai vilivyodhoofishwa, ili mwili ujifunze kujikinga bila kuugua. Huku kwetu kazi iliongozwa na Dakta Ghislain Courtois, mkuu wa maabara ya Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Baadaye mwaka huo huo zamu ikawa ya Léopoldville, ambako walichanjwa watoto zaidi ya 70,000 wenye umri usiozidi miaka 5.

Hatuna haja ya kubeza kinga hiyo. Polio humlemaza mtoto kwa muda mfupi, na ulemavu wake hauna dawa. Lakini tuseme kweli: ile ilikuwa chanjo iliyokuwa bado inajaribiwa, nayo ilikinga aina moja tu kati ya aina 3 za virusi vya polio. Ilitolewa chini ya serikali ya kikoloni ya Kibelgiji, ambayo desturi yake ilikuwa kuamuru wala si kushauriana. Mwananchi aliitwa, akafumbua kinywa, akarudi nyumbani.

Mahali penye maelezo machache, uvumi huota mizizi. Mwaka 1999 kilitokea kitabu kilichodai kwamba chanjo hiyo ndiyo iliyoleta UKIMWI. Wataalamu hawakulipuuza dai hilo, bali walilipima. Mabaki ya chanjo yaliyohifadhiwa hayakukutwa na virusi vya UKIMWI wala dalili yoyote ya sokwe. Mwaka 2004 ikabainika kwamba virusi vya sokwe wa pande za Kisangani si chimbuko la janga hilo. Tena, uchunguzi wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba virusi vya UKIMWI vilikwisha kuenea miongoni mwa watu miongo kadhaa kabla ya mwaka 1958. Dai likaanguka, lakini neno likishatoka kinywani, kulirudisha ni kazi.

Na hasara ya shaka humwangukia mtoto. Mwezi Machi 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa polio ya aina ya 2, baada ya zaidi ya miaka 30 ya utulivu. Mmoja wa waliopatikana na virusi alikuwa mtoto wa miaka 4 wa wilaya ya Isale, magharibi mwa nchi, ambaye hakuwa amepata chanjo hata mara moja. Virusi hivyo vilitokana na chanjo yenyewe ya kinywa, ambavyo hupata nguvu upya vikizunguka kwa muda mrefu miongoni mwa watu wasiochanjwa. Hilo nalo wazazi wana haki ya kuelezwa waziwazi.

Basi, ndugu wasomaji, funzo la Ruzizi ni hili: mganga aje na chanjo, lakini atangulize maelezo. Mzazi aliyeelewa atamleta mtoto wake mwenyewe, wala hatangoja kuitwa.