Nyota moja, sentensi mbili: kosa la uchanganuzi katika lugha ya C

Kwa kazi yangu ya kumaliza lisanse nilichagua kuchunguza majina: watu wanaoandika programu katika lugha ya C huviitaje vitu vyao? Mengi ya majina hayo hutangazwa katika mafaili yenye mwisho wa .h, yaani mafaili ya vichwa. Kwa kuwa ni mengi, nilitumia programu inayoyachanganua, kama sisi tunavyochora mti wa sentensi, kisha ikatoa orodha ya majina yaliyotangazwa.

Majedwali yangu yalikuwa tayari nilipojaribu kuhesabu ukurasa mmoja kwa mkono. Majina kadhaa hayakuwemo, na programu haikuwa imetoa onyo lolote. Yote yalitoka katika mistari ya namna hii (majina nimeyaweka kwa Kiswahili):

neno * orodha;

Katika mstari kama huu wa C nyota inaweza kuwa na moja ya kazi mbili. Ikiwa «neno» ni jina la aina ya kitu, mstari huu unatangaza jina jipya, «orodha», ambalo ni kielekezi cha kitu cha aina hiyo. Ikiwa «neno» ni jina la namba, mstari unasema: zidisha neno kwa orodha. Kuzidisha huko hakuna faida, kwa sababu jibu halihifadhiwi popote, lakini sarufi inakukubali.

Sisi pia tuna «ua». Katika «ua jekundu» ni nomino. Katika «ua nyoka» ni kitenzi. Neno la jirani linatuonyesha njia. Katika mstari ule wa C jirani hasaidii kitu: lazima ujue «neno» lilitangazwaje kabla.

Ndiyo sababu programu inayotafsiri C huweka kamusi ndogo. Kila inapokutana na tangazo la «typedef», linaloipa aina jina jipya, huliandika jina hilo humo. Baadaye, kabla ya kuchora mti, huuliza kamusi: je, hili ni jina la aina?

«Typedef» ya «neno» ilikuwa katika faili lingine, lililoitwa kwa «#include». Programu niliyotumia iliruka mistari ya «#include», hivyo kamusi yake ilikuwa na pengo. Ikachagua kuzidisha, na tangazo likapotea.

Dawa ilikuwa nyepesi. Amri «gcc -E» huingiza kwanza mafaili yote yaliyoitwa mahali pake, na huacha alama zinazoonyesha kila sehemu imetoka faili gani. Nilichanganua matokeo yake, nikatumia alama hizo kuondoa majina ya mafaili nisiyoyachunguza, kisha nikaandika upya sura nzima ya majedwali.

Wenzangu mnaotumia wachanganuzi wa Kiswahili, hesabuni ukurasa mmoja kwa mkono kabla ya kuamini jedwali. Mchanganuzi anayekosa neno katika kamusi yake anaweza kuwapa mti usio na kosa la sarufi, lakini wa sentensi nyingine.