Mashini ya Vioo na Raklete ya Mukono

Vijana wapendwa, mara mingi munasema: «Pasta, mashini zinakuja, kazi ya mukono itaisha.» Musikilize habari hii.

Mu muji wa New York, kule Marekani, kulikuwa nyumba mbili ndefu za World Trade Center, kila moja etaji 110, zilizofunguliwa mu 1973. Vioo vyake vingi viliosha na mashini yenye kushuka yenyewe kwa reli za chuma. Lakini vioo vya etaji ya 107 vilikuwa vipana, mashini haikuviweza. Vile, watu waliviosha kwa mukono.

Jan Demczur, mutu wa kutoka Poland, alikuwa moja wa wale waosha-vioo. Tarehe 11 Septemba 2001, ndege ilipogonga nyumba, yeye na wenzake watano walifungwa ndani ya asanseri. Wakalazimisha mulango, wakakuta ukuta tu. Jan alikuwa na ndoo na raklete, kile chuma cha kuvutia maji. Wakakwangua ukuta kwa zamu mpaka wakatoboa, wakatokea etaji ya 50. Watu wengi sana walikufa siku ile, lakini wale sita walitoka dakika chache tu mbele nyumba ianguke.

Mu 2024, mu muji ule ule, roboti Ozmo ilianza kuosha nyumba ya etaji 45. Hata vile, mutu anaisimamia.

Basi mujifunze mashini, ni vizuri. Lakini musizarau chombo cha mukononi. Fimbo ya Musa ilikuwa ya kuchunga kondoo tu, na Mungu aliitumia (Kutoka 4).