Kiti cha Westlands: Spring Valley ina majumba, Kangemi ina kura

Kakangu aliyeko Kisauni kila akinipigia simu lazima anitanie: "Wewe siku hizi ni mtu wa Spring Valley, mbunge wenu huko bila shaka ni tajiri mwenzenu." Hucheka peke yangu. Ni kweli kazi yangu ya upishi iko Spring Valley, lakini nyumba ninayolala iko Kangemi, na zote mbili ziko ndani ya eneobunge moja la Westlands. Asubuhi natoka plot ya mabati na maji ya mitungi, na muda si muda nagonga geti la nyumba ambayo bustani yake peke yake ingetosha kujengwa msikiti na madrasa yake. Mbunge ni mmoja. Basi nimeona niwaeleze jamaa wa Pwani kiti hiki kimetoka wapi, kwa sababu wengi wetu tunaofanya kazi huku tunaishi chini ya mbunge ambaye hatukumpigia kura wala hatukumnyima.

Jina Westlands si la zamani sana kwenye karatasi za kura. Kwa miaka mingi kiti kiliitwa Parklands, na jina hilo lilikuwa na maana yake. Parklands ndiko Wahindi wa Nairobi walikojenga, wakawa na shule zao, mahekalu yao na hospitali ya Aga Khan. Baada ya uhuru sehemu hizi ziliwakilishwa na Fitz de Souza, wakili wa asili ya Goa aliyekuwa miongoni mwa waliowatetea kina Kenyatta kule Kapenguria. Bungeni alifika kuwa naibu spika. Alifariki mwaka 2020. Baadaye, katika zama za chama kimoja, Krishan Gautama naye alikalia kiti cha Parklands. Kwa hiyo anayesema Muasia hawezi kuchaguliwa Kenya, historia ya hapa inamkatalia.

Mwaka 1988 ndipo jina la Westlands lilipotumika. Ule ulikuwa mwaka wa mlolongo. Wazee wanaukumbuka: mchujo wa KANU haukuwa na debe wala karatasi, ulisimama nyuma ya picha ya mtu wako, mbele ya chifu na mwajiri wako, ukahesabiwa kama mbuzi. Aliyetangazwa kupita asilimia 70 alikuwa mbunge moja kwa moja, hakuna kura ya siri tena. Westlands ikaenda kwa Dkt. Njoroge Mungai, daktari na jamaa wa Mzee Kenyatta, aliyewahi kuwa waziri wa afya na wa mambo ya nje. Huyu alikuwa ameshaonja kushindwa: mwaka 1974, akiwa waziri mkubwa, watu wa Dagoretti walimwangusha wakamchukua Johnstone Muthiora.

Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, Westlands ilifanya jambo lililowashangaza watu. Nairobi ilikuwa na viti vinane. FORD-Asili ya Matiba ilizoa sita, FORD-Kenya ikapata Lang'ata kwa Raila Odinga, na KANU ikaambulia kimoja tu jijini: Westlands, kupitia Amin Walji. Ilikuwaje? Kwa ubunge wetu hakuna sharti la kupata nusu ya kura. Mwenye nyingi kuliko wenzake, hata kwa kura moja, amepita. Upinzani ulikuwa umegawanyika vipande, na palipogawanyika vipande, aliyebaki mzima hula. Isitoshe, wafanyabiashara wengi wa Parklands hawakuwa na hamu ya kubahatisha na serikali mpya.

Walji alifariki kabla ya kumaliza muhula, ukaitishwa uchaguzi mdogo mwaka 1994, na hapo akaingia Fred Gumo. Hapa ndipo naomba msomaji akae sawa, maana tangu siku hiyo kiti hakijatoka mikononi mwa aina moja ya kura. Gumo, aliyewahi kuiongoza tume iliyosimamia jiji la Nairobi, alishinda kwa KANU, akashinda 2002 kwa NARC, akashinda 2007 kwa ODM. Vyama vilibadilika, yeye hakubadilika. Alipostaafu 2013 kiti kikachukuliwa na Tim Wanyonyi wa ODM, wakili anayetumia kiti cha magurudumu tangu majambazi walipompiga risasi mwaka 1998, ndugu yake Moses Wetang'ula. Akarudi 2017. Mwaka 2022 alitaka ugavana, Azimio ikampa tikiti Polycarp Igathe, yeye akarudi Westlands na kumshinda Nelson Havi wa UDA, aliyekuwa rais wa chama cha mawakili. Hesabu mwenyewe: tangu 1994 mpaka uchaguzi wa 2022, wabunge wawili.

Siri yake ni Kangemi. Ukipita jioni Kangemi utasikia Kiluhya kabla hujasikia Kiswahili, na Gumo na Wanyonyi wote ni watoto wa Magharibi. Lakini si kabila tu. Chumba kimoja Kangemi kina watu watano na vitambulisho vitatu. Nyumba moja Spring Valley ina watu wanne, wawili pengine ni raia wa nje wasioweza kupiga kura, na wenyewe siku ya uchaguzi wako likizo Diani. Mgombea anayejua hesabu hapotezi mafuta kwenye geti lenye mbwa.

Watu wa Mombasa hili si geni kwenu. Tazameni Nyali. Jina ni la matajiri, lakini ndani yake mna Kongowea na Ziwa la Ng'ombe, na Mohamed Ali hakushinda 2017 akiwa mgombea huru kwa kura za majumba ya ufukweni.

Mipaka nayo imechezewa. Katiba ya 2010 ilipandisha maeneobunge ya nchi kutoka 210 hadi 290, na Nairobi ikatoka viti vinane ikawa na 17. Westlands sasa ina wadi tano: Kitisuru, Parklands/Highridge, Karura, Kangemi na Mountain View. Mwenye kukaa Kilimani au Kileleshwa asidhani yuko Westlands kwa kuwa mtaa wake unafanana na Spring Valley. Yeye ni wa Dagoretti Kaskazini.

Kwa nini yanihusu? Tangu hazina ya CDF ilipoanzishwa kwa sheria ya 2003, mbunge si wa kusema bungeni tu. Basari ya mtoto, darasa jipya, ukarabati wa kituo cha polisi, vyote vilipitia huko. Mwanangu anasoma Kangemi. Mimi kila uchaguzi nimekuwa nikipanda basi usiku kwenda Mombasa kumchagulia mbunge mtu wa Mvita ambaye hata barabara ya kwangu haioni. Marehemu mama alikuwa hai wakati huo, safari ilikuwa na sababu mbili. Sasa imebaki moja, nayo nauli yake ni kubwa.

Sheria inaruhusu kuhamisha kura: unakwenda ofisi ya IEBC ya eneobunge unalohamia, na kitambulisho chako mkononi, kabla daftari halijafungwa. Uchaguzi ni Agosti 2027. Kakangu nimeshamwambia, akanuna, akasema nimewatupa. Nikamjibu aje Kangemi alale siku tatu, kisha tuzungumze.